Ami yake hakufa kwa ajali

Wiki hii mmeuliza kama riwaya za kijasusi za kigeni zinafaa kusomeshewa watoto wa shule ya msingi. Mimi nasomesha Lamu, na swali lililonichoma ni jingine: mtoto wetu ana haja gani ya kufundishwa kumpenda jasusi? Tangu Mpeketoni iliposhambuliwa mwaka 2014 tukawekewa kafyu, watoto wa hapa wanajua kuhojiwa na askari si mchezo. Kwa hiyo Stormbreaker ya Anthony Horowitz, iliyotoka mwaka 2000, ambamo majasusi wa Uingereza wanamtumia mvulana wa miaka 14, kwangu mimi ingekaa kabatini.

Lakini nimeisoma na darasa langu. Mwanzoni tu Alex anaambiwa kwamba ami yake aliyemlea amekufa kwa ajali ya gari, hakufunga mkanda. Haamini, maana ami huyo hakukosa kuufunga hata siku moja. Kisa chote kinaanzia hapo, na darasa kimya. Mji wetu ni wa punda na miguu. Mkanda wengi wameuona kwenye basi la Mombasa, tena hufungwa kizuizi cha polisi kikikaribia. Kabla sijaeleza, mvulana mmoja wa Matondoni akanitangulia: "Mwalimu, ni kama waje wakwambie ami yako nahodha kapita kati ya Manda na bara maji yakipwa, akakwama, akafa. Nahodha gani huyo?"

Hapo wakafunguka. Msichana mmoja akasema ami yake hatoki wakati wa kusi bila kumwambia mkewe atatia nanga wapi. Mwingine, babu yake hang'oi nanga kabla ya kutia mkono ngamani kuona kama maji yameingia. Kila mmoja akaleta tabia ya mtu wake, na uongo ambao tabia hiyo ingeuumbua. Kipindi cha Hisabati tulikila chote.

Naandika haya na msimamo wangu unalegea. Mtoto anayepima maneno ya wakubwa hivyo hadanganyiki upesi, na huku kwetu hiyo ni kinga. Basi isomeshwe, ila si chini ya Gredi ya 6, na mwalimu asiruke mambo mawili: Alex hakukubali kwa hiari, alitishwa kwamba Jack, mtumishi wa kike anayemtunza nyumbani, atafukuzwa nchini, na yule adui anayetia virusi vya ndui kwenye kompyuta anazogawia shule, alionewa sana alipokuwa mwanafunzi mgeni Uingereza. Mwalimu atakayeogopa kuyajadili hayo, kwa sababu ya wazazi au ya ofisi, bora aiache.