Maswali ya Wasomaji: Niongeze RAM au Nibadili Prosesa?

SWALI: Nina stationari Morogoro. Kompyuta ni Dell OptiPlex 9020 ya mnara, prosesa i3-4130, RAM GB 4, diski ya kuzunguka, Windows 10. Nikifungua Chrome yenye tabo kumi, Word, na Photoshop ya picha za pasipoti, inaganda huku wateja wananitazama. Fundi anasema niweke i7. Nikubali?

JIBU: Hela ya i7 usiitoe bado. Subiri saa ya foleni, fungua kila unachofungua siku zote, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager ifunguke, na uingie Performance. Ukikuta Memory imepita asilimia 90, Disk imegota 100, na CPU, yaani prosesa, inacheza kwenye 30 au 40, prosesa haina kosa. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi, imejaa, kwa hiyo Windows inahamishia diskini vitu vilivyokosa nafasi na kuvirudisha kila ukibadili dirisha. Hapo i7 itaingoja diski ileile inayongojwa na i3.

Sasa bofya Memory, usome Committed. Ikiandika 7.1/9.3, namba ya kushoto ndiyo mzigo wako: programu zimeomba GB 7.1, nawe una 4. GB 8 zitakuvusha kwa taabu. Kwa Photoshop ya kutwa nzima sisi tungeweka 16. Nunua vipande viwili vinavyolingana, si kimoja kikubwa, maana vikiwa viwili data hupita njia mbili kwa wakati mmoja, na picha za kioo cha kompyuta hii hukopa RAM hiyohiyo. Vichomeke kwenye nafasi za RAM za DIMM1 na DIMM2. Namba zimeandikwa kwenye bodi.

Dukani soma lebo. Kipande chako kimeandikwa PC3-12800U au PC3L-12800U. Kikiishia na R ni cha seva: kitaingia vizuri tu, bei yake itakuvutia, na mashine haitawaka. Viko pia vya GB 8 vilivyotengenezwa kwa bodi za prosesa za AMD pekee, ambavyo kwenye Intel ni hasara tupu. Jaribu kabla ya kulipa. Chenji ikibaki, weka SSD ya SATA, yaani diski ya kasi isiyozunguka, kabla hata ya kuiwazia prosesa.

Zamu ya prosesa hufika pale CPU inapokaa 100 kwa dakika kadhaa ilhali Memory ina nafasi, kwa mfano unapohifadhi video uliyohariri. i3-4130 ina koa (vitengo vya kuchakata) 2. I7-4770 ina 4 na inakaa kwenye soketi ileile. Ukipata i7-4790, sasisha BIOS, yaani programu ya bodi inayoiwasha mashine, kwanza i3 ikiwa bado ndani, kwa sababu 9020 za mwanzo zilitoka kabla ya prosesa hiyo. Pini ziko kwenye soketi, si kwenye prosesa, na ni nyembamba mno. Ikipinda moja, unaweza kujikuta nafasi nzima ya RAM haisomi. Futa pesti kuukuu ya kupitisha joto kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko, kisha kaza skrubu za kipozeo kwa kuvuka pembe kwa pembe, kidogo kidogo.

SWALI: Nimeongeza RAM. Feni inazunguka, kioo cheusi.

JIBU: Mara nyingi kipande hakijakaa sawasawa. Zima, chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha kuwashia sekunde kumi. Sugua meno ya dhahabu kwa ufutio laini, pangusa vumbi lake, kisha kandamiza ncha zote mbili mpaka klipu zilie. Jaribu kipande kimoja kimoja kwenye DIMM1. Kikiwaka cha zamani na kipya kikagoma, rudisha kipya dukani.

SWALI: Nikiweka i7 kwenye 9020 nitapata Windows 11?

JIBU: Hapana. Kwa Intel, Microsoft inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), na bodi hii inaishia kizazi cha 4. Windows 10 nayo ilikoma kupata msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kama Windows 11 ndiyo shida yako, weka akiba ya mashine yenye i5-8500, mfano OptiPlex 7060. Ila hiyo inatumia RAM ya aina ya DDR4. Vipande vyako vya DDR3 haviingii hata kwa nguvu, kwa hiyo usijaze GB 32 kwenye 9020 ukitegemea kuzihamisha.