Naivasha, ukumbi wa kizamani: nenda mchana, na uliza kila kitu

Marafiki huniuliza wale wapi wakifika Naivasha, wakitaka mahali pa heshima, pa kumpeleka mama au wakwe. Kabla sijataja mahali huwauliza watakula saa ngapi. Hoteli kongwe za Barabara ya Moi Kusini, zenye nyasi zinazoshuka hadi kwenye mafunjo na migunga ya manjano iliyozeeka kuliko wenyeji wake, ni za mchana. Usiku utalipa bei ileile, pengine zaidi, na ziwa lenyewe hulioni.

Usiku pia kuna baridi. Naivasha iko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari, na jua likishatua utajuta kuacha sweta kwenye gari. Halafu kuna viboko. Wakati huo hutoka majini kuja kula nyasi zilezile ulizopigia picha mchana, ndiyo maana askari mwenye tochi hukusindikiza kutoka mezani hadi chumbani. Mngojee. Usijifanye unaijua njia, na usimwache mtoto atangulie mbio. Kiboko anaonekana mzito na mpole, lakini watu wa ziwa hili wanajua ameua wangapi.

Kwa hiyo fika kama saa sita u nusu, kabla mabasi ya semina hayajamwaga watu, na omba meza ya nje yenye kivuli. Unapopiga simu kuweka nafasi, uliza meza hizo ziko wapi siku hizi. Picha za mitandaoni hudanganya, kwa sababu maji yalipopanda mwaka 2020 yalimeza sehemu kubwa ya ufuo, na yale majani mazuri uliyoyaona kwenye picha ya zamani huenda sasa ni makazi ya ndege. Uliza pia kama wageni wa mchana hulipa kiingilio getini, na kama kiingilio hicho hupunguzwa kwenye bili ya chakula. Kuna wanaofanya hivyo na wasiofanya.

Ukongwe wa mahali hapa haukuletwa na watu wa wikendi. Kuanzia mwaka 1937 hadi 1950 ndege za kutua majini zilishukia kwenye ziwa hili, katika safari za kampuni ya ndege ya Uingereza, Imperial Airways, na baadaye mrithi wake BOAC, kutoka Southampton, Uingereza, hadi Afrika Kusini. Wasafiri waliochoka walihitaji kulishwa, na namna walivyolishwa bado unaiona mezani leo: supu kwanza, nyama ya kuoka, pudingi yenye kastadi, na saa kumi chai na keki kwenye nyasi. Jumapili katika hoteli nyingi za aina hii kuna mlo wa kari, desturi ambayo Waingereza waliibeba kutoka India. Mimi nikiikuta siangalii kitu kingine. Kari ya kuku au ya mbuzi, wali, chapati, achari, nazi iliyokunwa na ndizi za kukatakata pembeni. Wapishi wa jiko la namna hiyo wameipika miaka nenda miaka rudi, wakafundishana. Steki yao, kwa mdomo wangu, huja imekauka, na vyakula vyenye majina marefu ya Kitaliano vimewekwa kwenye menyu ili mgeni asione pengo.

Nitajuaje basi jiko lina nguvu wapi? Namuuliza mhudumu, tena nikiweza namtafuta aliye mtu mzima. Katika kumbi hizi bado utamkuta mzee aliyevaa koti jeupe, aliyeanza kazi akiwa kijana. Swali langu ni moja tu: "Mzee wangu, ungekuwa unamwagizia mama yako, ungemwagizia nini leo?" Mara ya kwanza nilipouliza hivyo, mzee alitazama nyuma kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, achana na samaki leo. Chukua kondoo." Kondoo yule alikuwa amepikwa polepole hadi mfupa unachomoka wenyewe.

Hilo la samaki linahitaji maelezo, maana watu hufika ziwani wakiwa wameshaamua kula samaki wa ziwa. Samaki mmoja tu ndiye aliyekuwa mwenyeji halisi wa Naivasha, kidogo sana, na mara ya mwisho kuonekana ilikuwa 1962. Wengine wote waliletwa au walijileta. Besi wa mdomo mpana aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya mchezo wa kuvua kwa ndoano. Kamba wekundu wa maji baridi, wenye asili ya Louisiana, walitiwa ziwani mwaka 1970. Karpu, yule mnene mwenye miiba mingi ya katikati, alianza kuonekana mwaka 2001 hivi, na wavuvi wakamkuta amejaa nyavuni. Kwa hiyo "samaki wa hapa" kwenye menyu anaweza kuwa yeyote kati ya hao. Tilapia naye anaweza kuwa wa ziwa hili, wa Ziwa Victoria, wa kufugwa, au aliyegandishwa akasafirishwa kutoka China. Wote huliwa, lakini bei ya samaki aliyevuliwa asubuhi haifai kulipwa kwa aliyetoka kwenye friza. Uliza ametoka wapi na amefika lini. Jikoni wakiwa na samaki mzuri watakujibu kwa fahari. Wakianza kutazamana, rudi kwa kondoo. Karpu mwagize kama una subira ya kuchambua miiba. Kamba wakiwepo, waombe wakaangwe kwa siagi na vitunguu saumu, bila mbwembwe, na uombe bakuli la maji ya ndimu ya kunawia.

Nimegundua kwamba sisi wenyeji ndio tunaoona haya kuuliza. Mtalii wa meza ya pili anauliza kama yai ni la kuku wa kienyeji, anataka viazi vibadilishwe, anarudisha mvinyo. Sisi tunanyamaza ili tusionekane washamba, kisha tunanung'unika ndani ya gari hadi Limuru. Wahudumu wenyewe wameniambia mgeni anayeuliza huwarahisishia kazi, kwa sababu asiyeuliza hulalamika mwishoni kwa meneja.

Basi uliza na bei. Soma maandishi madogo chini ya menyu. VAT ni asilimia 16, tozo ya utalii ni asilimia 2, na hoteli nyingi huongeza ada ya huduma. Mahali pengi yote yamo ndani ya bei unayoiona, lakini si kila mahali, na kwa familia ya watu sita tofauti inatosha kujaza tangi la mafuta. Kama ada ya huduma imo, bakshishi ni hiari yako, nami humpa mhudumu mkononi hata nikilipa kwa M-Pesa. Unataka kuja na keki yako ya bethidei au chupa yako? Uliza ada yake siku unapoweka nafasi. Bafe ni nzuri mkiwa na vijana wenye njaa. Mkiwa wawili au na wazazi wenye sukari na presha, menyu ni nafuu zaidi, na chumvi inaweza kupunguzwa.

Mavazi hayana shida mchana. Nguo safi na viatu vya kufunga vinatosha. Chakula cha mezani kifunike, tumbili hawana adabu.

Kama bei ya mlo mzima imekuzidi, usikate tamaa na ziwa. Nenda Elsamere, ile nyumba aliyoishi Joy Adamson, mwandishi wa kitabu cha simba Elsa, unywe chai ya alasiri kwenye nyasi, mbega wakiruka juu ya miti na furukombe wakiitana ng'ambo. Kwangu mimi chai ile inashinda chakula cha jioni cha baadhi ya hoteli kubwa za jirani.

Wikendi ya Safari Rally, ambayo tangu 2024 hufanyika Machi, usijisumbue kutafuta meza tulivu. Jumapili yoyote nyingine panga kuondoka mapema. Nairobi ni kilomita 90 hivi, lakini kuanzia saa kumi jioni malori na magari ya wikendi husongamana kuanzia Mai Mahiu kupanda ukingo wa bonde, na upande wa barabara ya juu nako si afadhali. Ukijikuta umechelewa, agiza chai nyingine na ungoje hadi saa mbili usiku. Mpigie simu askari wa tochi akufikishe kwenye gari.