IST inatetemeka baada ya kubadili plagi mwenyewe: usiagize koili bado

Mkuu mtoa mada, nimesoma maelezo yako na majibu ya wadau waliotangulia. Kwa anayeingia sasa hivi: mwenzetu yuko Lindi mjini, ana Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE. Jumamosi alichomoa betri, akabadili plagi zote nne, akasafisha throto (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) na kuweka ekilina (kichujio cha hewa) mpya, yote nyumbani kwake. Gari haikuwa na ugonjwa, ilikuwa ni sevisi tu. Alipowasha, injini ikaanza kutetemeka, silensa (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka, taa ya injini imewaka na akikanyaga mafuta inapepesa. Wadau wawili wamemwambia aagize koili nne, vile vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche. Mmoja kamwambia injini imechoka, atafute nyingine ya Japan.

Mimi sikubaliani nao. Injini iliyokuwa nzima Ijumaa haichoki Jumamosi mchana kwa sababu umeibadilishia plagi, na koili nne hazifi kwa pamoja zikiwa zimelazwa kibarazani kwako. Ugonjwa uliokuja baada ya spana utafute kwanza pale spana ilipopita. Kwetu kusini hilo ni suala la mfuko pia. Koili ya kuaminika huku huipati kila duka. Unapiga simu Dar, Kariakoo au Gerezani, unatuma hela, unasubiri mzigo upakiwe kwenye basi, halafu ukiufunga na gari ikaendelea kutetemeka vilevile, nani atakurudishia pesa yako? Muuzaji atakwambia umeiunguza wewe.

Nijitambulishe kidogo: sina gereji. Niko Mtwara, Chikongola, nina Probox yenye injini hiyohiyo na nabebea mizigo ya Tandahimba na Newala. Majirani wakiona boneti yangu iko juu, nao wanaleta za kwao.

Kwanza kabisa, hiyo taa inayopepesa. Taa ikiwaka tu bila kupepesa, kompyuta inasema kuna kitu nimekiona. Ikipepesa, inasema kuna silinda haichomi na mafuta mabichi yanakwenda kwenye bomba la moshi. Yale mafuta yanafika kwenye katalisti (kile kisafisha moshi kilichomo kwenye bomba), yanaungulia humo, na masega ya ndani yanayeyuka. Kwa hiyo usiende nayo Mtwara "ukaone fundi". Kilomita mia na kitu za kuunguza katalisti zitakugharimu kuliko hizo koili. Iache hapo hapo nyumbani, kazi yote ninayoieleza inafanyika chini ya mwembe.

Pili, kwa maelezo yako naona huenda una matatizo mawili kwa wakati mmoja, na ndiyo maana majibu yanagongana. Silinda moja ikiwa haifanyi kazi, injini inatikisika kwa mdundo, tuk-tuk-tuk, na unapoipa mzigo inazidi. Probox ikiwa na ugonjwa huo unaweza kutembea nayo mjini ukajidanganya kwamba ni nzima, ukianza kupanda kwenda Newala ndipo inakuumbua. Lakini injini inayovuta hewa ya pembeni, yaani hewa ambayo sensa ya kupima hewa haikuihesabu, inakuwa na tabia ya kinyume: mbaya ikiwa silensa, inapanda na kushuka, halafu ukikanyaga ikafika mizunguko 2,500 kwa dakika inatulia kama haina neno. Sababu ni kwamba ikiwa silensa injini inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo linaonekana kubwa. Ukiikanyaga, hewa inayopita njia halali ni nyingi na ile ya wizi haina uzito tena. Wewe umetaja dalili za pande zote mbili. Zitenganishe.

Anza na silinda. Zima gari, chomoa soketi ya koili ya kwanza (soketi ya waya, siyo koili yenyewe), washa, sikiliza sekunde chache, zima, rudisha. Nenda ya pili. Kwenye IST silinda namba 1 ni ile ya upande wa mikanda, upande wa dereva. Ukichomoa soketi ya silinda nzima, injini inazidi kuharibika, utaisikia. Ukichomoa na hali ikabaki ileile, umeikamata: hiyo ndiyo iliyokuwa imelala tangu mwanzo. Usiiache ikinguruma muda mrefu ukiwa umechomoa, kwa sababu ileile ya katalisti.

Ukishaijua silinda, chukua koili yake uibadilishane na ya jirani. Ugonjwa ukihamia kwa jirani, hapo sawa, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Ukibaki palepale, koili haina kosa, shuka kwenye plagi. Jaribio hili halina gharama hata ya soda, na ndiyo maana naudhika ninapoona watu wanaandika "agiza nne" bila kuuliza kitu.

Plagi sasa, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo mikono yako ilipokuwa. Kwenye injini hii plagi iko chini ya shimo refu, huioni vizuri unapoifunga. Ikikuponyoka ikaanguka ndani ya shimo, lile jino la chini linajikunja na nafasi inafunga, cheche haina pa kurukia. Kama plagi zako ni NGK na namba inaishia na 11, nafasi yake ni milimita 1.1. Itoe, iangalie pembeni mwa mwanga. Kama imejifunga, usiipige kwa bisibisi, hasa zile za iridiamu zenye ncha nyembamba kama sindano, zinavunjika. Halafu zungusha ile kaure nyeupe polepole kwenye tochi. Soketi ya plagi ikikaa upande upande wakati wa kukaza, kaure inapata ufa mwembamba kama unywele, na umeme unapita kwenye ufa badala ya kushuka kwenye ncha. Ukiona mstari mweusi unaotambaa juu ya kaure kutoka juu hadi kwenye chuma, basi umeme umeshajitengenezea njia yake. Hiyo plagi tupa, na chungulia ndani ya mpira wa koili, mara nyingi alama hiyohiyo iko upande wa pili.

Kukaza: injini iwe ya baridi, maana kichwa chake ni aluminiamu na vichwa hivi haviachi kisasi. Anza kwa mkono, bila spana, na soketi ndefu ya 16 pamoja na kiunganishi chake tu. Ikianza kugoma mapema, irudishe nyuma, uzi haujakaa. Ikishagusa chini kwa mkono, plagi mpya yenye washa (ile pete ya chuma) unaiongezea nusu mzunguko hadi theluthi mbili, basi. Iliyolegea utaisikia inapumua, tsi tsi tsi, na inapoteza mgandamizo. Iliyokazwa kwa nguvu za kufungulia nati za tairi utakuja kuijua siku ya kuitoa.

Kabla hujarudisha koili, mulika ndani ya shimo. Jirani yangu ana Raum, injini ni hii hii. Alibadili plagi asubuhi, gari ikawa nzuri, mchana akaipeleka kuoshwa na wale vijana wakapiga maji ya presha mpaka juu ya injini. Jioni ikamletea tetemeko. Akaniambia, "Kaka, plagi ulizonishauri ni feki." Nikachomoa koili ya tatu, ikatoka na mlio ule wa kizibo, chup, na mpira wake unadondosha maji. Shimoni maji yalikuwa yamefunika nati ya plagi kabisa. Nilizungushia kitambaa kwenye bisibisi ndefu, nikayanyonya, kisha nikapuliza kwa pampu ya baiskeli mpaka pakakauka. Plagi "feki" hizo ndizo anazotembelea hadi leo. Kwako inaweza kuwa oili badala ya maji, kama raba za mashimo ya plagi chini ya kava la valvu zimekauka. Ukikuta oili, futa kwanza ujaribu, raba utazipangia siku yake.

Kitu kingine cha kwenye koili: ule ulimi wa plastiki unaofunga soketi. Magari haya yana miaka zaidi ya kumi na tano, joto la injini limeshaikausha plastiki, ukiubonyeza tu unakatika. Soketi itaingia, gari itawaka, ila haijafunga. Ukipita matuta inacheza na silinda inalala, inaamka, inalala. Kila soketi isukume mpaka usikie "ka", kisha ivute kidogo kwa vidole. Iliyokatika ulimi ifunge kwa zipu ya plastiki ya umeme, isikaze waya. Mimi ya kwangu nimeifunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli na haijawahi kufunguka. Na sisi tunaoishi na upepo wa bahari, angalia pini za ndani kama zina ule ukungu wa kijani. Kama upo, safisha kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme, siyo kukwangua kwa msumari.

Sasa hewa. Ulifungua boksi la ekilina na ukatoa ule mpira mkubwa unaokwenda kwenye throto. Hapo kuna mambo matatu ya kuangalia, na yanatofautiana uzito. Mfuniko wa boksi ukiwa haujakaa vizuri, hewa isiyochujwa inaingia lakini bado inapita mbele ya sensa, kwa hiyo injini haitatetemeka. Itakula vumbi la barabara ya Tandahimba kimyakimya, na hilo ni baya kwa namna nyingine. Mpira mkubwa ukiwa haujaingia mpaka mwisho, au klipu yake ya kukaza umeisahau, hapo ndipo kuna mchezo, maana hewa inaingia baada ya sensa. Pitisha kidole chini ya mpira upande usiouona, huko ndiko unakokuwa umepanda nusu. La tatu ni soketi ya sensa ya hewa yenyewe. Wengi huichomoa ili boksi litoke, kisha wanairudisha bila kufunga. Hiyo ikiwa wazi gari inawaka, inakohoa, inazima, na mashine ya kupimia itakuonyesha P0102 na P0113 kwa pamoja, kwa sababu kipima joto cha hewa kiko humohumo. Zile nyaya nyembamba ndani ya sensa usiziguse kwa kitambaa wala kuzipuliza kwa kompresa.

Zipo pia hosi ndogo: ile inayotoka kwenye kava la valvu, na ile nene ya kwenye buster ya breki (chombo kinachoongezea breki nguvu). Ukiinama juu ya injini unazivuta bila kujua, na mpira mkavu unapasuka upande wa chini. Wengi hutafuta tundu kwa kupuliza petroli au kabu klina (dawa ya kusafishia kabureta) juu ya injini ya moto. Tafadhali usifanye hivyo, koili ziko sentimita chache tu kutoka hapo. Mimi natumia chupa ya kunyunyizia yenye maji na sabuni kidogo, naielekeza kwenye maungio ya menifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye silinda) na hosi tu, mbali na soketi na mashimo ya koili. Silensa ikibadilika ghafla unapogusa sehemu fulani, ni hapo.

Throto iliyosafishwa ina vituko vyake. Kompyuta ilikuwa imezoea uchafu, ikawa inaifungua zaidi kidogo ili hewa itoshe. Umeutoa uchafu, na betri uliichomoa, kwa hiyo imesahau vipimo vyake. Silensa kuwa juu au kuyumba siku ya kwanza ni kawaida. Washa bila kukanyaga mafuta, zima AC, taa na redio, iache mpaka ipate joto na feni izunguke. Kisha washa AC, iache tena dakika kadhaa. Hakikisha tu soketi zote zimefungwa kabla ya kuifundisha, vinginevyo unaifundisha ugonjwa. Kama throto yako ni ya umeme, usilisukume lile bamba kwa kidole ufunguo ukiwa umewashwa. Kama ni ya waya, dawa inaweza kuwa imesukuma masizi kwenye njia ya valvu ya silensa, na hapo itabidi uitoe uisafishe hiyo.

Ukipata mtu mwenye kifaa cha kusomea kodi (namba za hitilafu kwenye kompyuta ya gari), P0301 mpaka P0304 inakutajia silinda yenyewe, P0300 ni kwamba zinapokezana, na P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta. Vile vidogo vya kuunganisha na simu baadhi ya magari ya soko la Japan havisomi, kwa hiyo kikigoma usidhani kompyuta imekufa. Kikisoma, tazama asilimia ya mafuta inayoongezwa: ikiwa kubwa kwenye silensa na inashuka ukikanyaga, rudi kwenye mipira.

Ikiwa yote haya yamekwisha na silinda moja bado imelala, koili na plagi zimehamishwa na haijabadilika, hapo ndipo unazungumzia nozeli (zinazopuliza mafuta) na kupima mgandamizo, na hapo tafuta fundi mwenye geji, si mwenye maneno.

Ukishajaribu, njoo utuambie: ni soketi ya silinda ipi uliyochomoa na injini haikubadilika, na throto yako ni ya waya au ya umeme. Ukiweza weka picha ya plagi zote nne zikiwa zimepangwa kwa namba, kaure na ncha zionekane.