Santuri ya 1927 inakimbia, au wimbo wenyewe ndio ulikuwa wa mwendo?

SWALI: Shikamoo fundi. Napuliza saksafoni katika bendi moja hapa Morogoro, na sasa tunaufanyia mazoezi wimbo wa Hoagy Carmichael, "Star Dust". Nimepakua faili mbili za rekodi yake ya kwanza kabisa, ya 1927. Moja iko juu kuliko nyingine kwa karibu nusu toni, na ile ya chini inasikika nzito, kama imefunikwa blanketi. Halafu wimbo huu mimi nimeuzoea wa polepole, wa kubembeleza, lakini humu unachapa mwendo na hakuna anayeimba. Je, santuri ilizungushwa kwa kasi mno? Nikiipunguza kwenye kompyuta nitaupata wimbo wenyewe? Nina pia santuri chache za marehemu babu ambazo nataka kuzihamishia kwenye kompyuta.

JIBU: Marahaba. Wimbo wenyewe tayari unao, usiupunguze. Carmichael aliurekodi tarehe 31 Oktoba 1927 katika studio ya Gennett, mjini Richmond, Indiana, na kikundi alichokiita His Pals, na walichopiga ni muziki mtupu wa kuchezea dansi. Maneno yake, ya Mitchell Parish, yalitoka 1929. Ubembelezi uliouzoea uliingia mwaka 1930, bendi ya Isham Jones ilipoushusha mwendo, na waliofuata wengi wakapita njia hiyo hiyo. Kwa hiyo unachokisikia humo ni utungo kabla haujavishwa nguo zake za baadaye. Mimi huo mwendo wa kwanza naupenda zaidi, lakini hilo ni suala la sikio langu.

Hata hesabu inakataa. Kwenye santuri, mwendo na kimo cha sauti vimefungwa kamba moja: ukivuta kimoja, kingine kinafuata. Ukiipunguza kasi kwa theluthi moja ili upate wimbo wa polepole, sauti nayo itashuka nusu toni saba. Klarineti itanguruma kama tuba.

Sasa hiyo nusu toni kati ya faili zako. Hiyo ndiyo kasi hasa, na kosa ni la aliyehamisha, si la wanamuziki. Nusu toni moja ni tofauti ya kasi ya karibu asilimia 6. Meza nyingi za kuchezea santuri zina kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi. Mtu akikisahau kwenye 6, tayari amekuhamishia wimbo ufunguo mwingine.

Kujua ipi ni sahihi, tafuta mahali ambapo piano ya Carmichael inasikika wazi, ushike noti moja ndefu kwa programu ya kupimia sauti ambayo unaitumia kutyuni saksafoni yako. Piano haitelezi kama mdomo wako wewe. Chama cha wanamuziki Marekani kilikuwa kimekubali A ya Hz 440 tangu 1917, kwa hiyo kwa piano iliyotyuniwa vizuri noti zitaangukia mahali pake au karibu sana. Faili inayoangukia katikati ya noti mbili ndiyo yenye kasoro. Umesema "karibu" nusu toni, na hilo neno ndilo linaloniokoa, kwa sababu zikitofautiana nusu toni kamili zote mbili zitakubaliana na piano! Ikiwa hivyo, sikiliza noti za chini kabisa za vyombo vya kupuliza. Klarineti ya B-bemoli haiwezi kwenda chini ya D ile iliyo chini ya C ya kati ya piano. Ukiisikia ikishuka hadi C-kali, faili hiyo inazunguka polepole mno.

Ukishajua, rekebisha kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, lakini tumia kile kipengele kinachobadilisha kasi na kimo kwa pamoja. Kinachobadilisha mwendo peke yake hakitakusaidia. Angalia pia namba: kupandisha nusu toni ni kuongeza asilimia 5.95, kushusha ni kutoa asilimia 5.61. Watu hutumia namba moja kwa pande zote mbili, kisha wanashangaa.

Ule uzito wa blanketi hauna uhusiano na kasi. Viwanda hupunguza besi wakati wa kuchonga santuri, na amplifaya ya kuchezea huirudisha. Amplifaya za leo zinafuata kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za rekodi Marekani, iliyokubaliwa 1954, ambayo inadhani kwamba sauti nyembamba zilikuzwa wakati wa kuchonga, kwa hiyo inazikata. Mwaka 1927 hakuna aliyekuwa akizikuza namna hiyo. Ukiichezea santuri ya Gennett kwa kanuni hiyo, besi inazidi na hewa ya juu inanyolewa. Faili yako ya chini imepitia huko, nina hakika. Ongeza juu kidogo, punguza besi, lakini usihangaike kusafisha kila mkwaruzo. Programu za kuondoa mvumo hazijui kutofautisha mvumo na pumzi ya mpulizaji; huzifagia zote.

Na ukiweza, sikiliza "Riverboat Shuffle", utungo wa Carmichael uliorekodiwa na bendi ya Wolverines, Bix Beiderbecke akiwa kwenye koneti, Mei 1924, kampuni hiyo hiyo, Richmond hiyo hiyo. Hapo hakukuwa na maikrofoni. Walipiga mbele ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yenyewe ndiyo iliyosukuma kisu juu ya nta. Mwenye sauti kubwa alirudishwa nyuma: mwaka mmoja kabla, katika studio hiyo hiyo, inasimuliwa kwamba Louis Armstrong alisogezwa mbali na wenzake wa bendi ya King Oliver ili asiwameze. Reli ilipita karibu na jengo, na treni ikija, kazi ilisimama. Studio nyingi za enzi hiyo zilizungusha mashine kwa uzito ulioshuka taratibu, kama saa ya zamani ya ukutani, ndiyo maana santuri za pembe tunaziita za 78, yaani mizunguko 78 kwa dakika, kwa mazoea tu. Nyingine zinataka 75, nyingine 80 na zaidi. Kwa 1924 pima kila upande wa santuri upya.

Kuhusu za marehemu babu: sindano ya LP, zile santuri za plastiki zilizokuja baadaye, ni nyembamba mno kwa mifereji yake, itazama hadi chini na kuokota mchanga. Nunua ya mili 3, yaani mikroni 76 hivi. Kupima kasi, watu huchapisha duara lenye mistari, hulizungusha juu ya meza na kuliangalia chini ya taa ya umeme: kasi ikiwa sahihi, mistari huonekana imesimama. Hapa pana mtego. Duara la Marekani lina mistari 92 kwa umeme wa Hz 60. Letu, la Hz 50, lina 77. Ukitumia lao chini ya taa ya Morogoro, mistari itasimama kwenye mizunguko 65 kwa dakika, na utashusha wimbo toni moja na nusu huku ukijiona fundi. Taa nyingi za LED nazo hazipepesi inavyotakiwa, tafuta balbu ndogo ya neoni.

Na kabla ya yote, zioshe. Maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji, kitambaa laini, lebo isilowe. Usiguse spiriti: santuri hizo zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huyeyusha shelaki pamoja na muziki wake.