Vipimo vya msingi visimfuate fundi umeme

Mpe fundi umeme ramani iliyojaa vipimo vya kuta, ataikunja aitie mfukoni, kisha aanze kukuuliza kwa mdomo swichi zikae wapi. Hana kosa. Upana wa msingi haumhusu, na kile anachokitafuta, yaani urefu wa swichi kutoka sakafuni, kimefunikwa na tarakimu za watu wengine. Faili nyingi za nyumba zilizochorwa kwa kompyuta ninazoletewa nizirekebishe zina ugonjwa huohuo: nyumba imechorwa vizuri, ila vipimo vyote vimerundikwa kwenye leya moja, yaani tabaka moja la mchoro linalowashwa na kuzimwa, na kila mwonekano (kila ramani inayotolewa kwenye faili hilo) unaonyesha kila kitu.

Mimi hugawa leya za vipimo kwa kumfuata atakayeisoma karatasi. Ukuta ni uleule katika ramani ya msingi, ya sakafu na ya umeme, kwa hiyo ukae kwenye leya moja ya kuta na uonekane kote. Kipimo ni jawabu la swali la mtu fulani. Anayechimba msingi anauliza umbali kati ya mstari wa katikati wa ukuta huu na ule. Mwashi anauliza dirisha linaanzia wapi kutoka kona. Fundi bomba anataka katikati ya tundu la choo kutoka ukutani. Basi ninakuwa na VIPIMO-MSINGI, VIPIMO-SAKAFU, VIPIMO-UMEME, VIPIMO-MABOMBA na VIPIMO-PAA. Majina yanaanza na neno moja kwa makusudi, ili yakae pamoja kwenye orodha badala ya kutawanyika kialfabeti. Ukifanya kazi na ofisi zinazofuata viwango vya Marekani utakutana na majina kama A-ANNO-DIMS. Hapo fuata ya mwenye faili, usianze ubishi.

Kuzigawa leya ni rahisi. Watu hunaswa kwenye kuzizima. Unafungua mwonekano wa umeme, unazima leya ya vipimo vya sakafu, karatasi inapendeza. Kesho yake unafungua ramani ya sakafu na vipimo vimetoweka. Havijafutwa. Mionekano yote miwili inasoma seti moja ya leya, yaani orodha moja ya leya zilizowashwa na zilizozimwa, na ulichokizima huku kimezimika na kule. Dawa ni kunakili seti kwanza, kuipa nakala jina la mwonekano wake, kuifunga kwenye mwonekano huo, halafu ndipo uanze kuzima. Mpangilio huo ukivurugika, nusu ya kazi hufanyika mara mbili.

Kila programu ina njia yake. Chief Architect ina seti za leya zinazofungwa kwenye mionekano iliyohifadhiwa, na ArchiCAD inaita kitu hichohicho michanganyiko ya leya. Kwenye AutoCAD, ukiizima leya kwa alama ya taa inazimika faili lote, lakini ukiigandisha ndani ya dirisha moja la karatasi, yaani fremu inayoonyesha mchoro kwenye ukurasa wa kuchapa, madirisha mengine hayaguswi. Ukichapa karatasi nyingi kutoka faili moja, hiyo ya kugandisha ndiyo utakayoitumia kila siku. SketchUp iliacha kuziita leya kuanzia toleo la 2020, sasa ni tagi, na onyesho ulilohifadhi ndilo linalokumbuka tagi zipi zimewashwa. Revit haina leya za kupanga hivi: kipimo ni mali ya mwonekano ulikokiweka. Kero yake imegeuka kinyume, kwani ukinakili mwonekano kwa njia ya kawaida vipimo havifuati. Ukivihitaji, chagua kunakili pamoja na maelezo yake.

Jambo la pili ni leya inayopokea vipimo vipya. Kuwa kwenye mwonekano wa umeme hakumaanishi kwamba kipimo unachokiweka kitakwenda kwenye VIPIMO-UMEME. Kitakwenda pale ambapo mipangilio ya awali inasema. Kwa hiyo mipangilio hiyo nayo iandae kwa kila mwonekano, au kwenye AutoCAD itumie DIMLAYER kutaja leya ya vipimo vipya. Mimi huweka kipimo kimoja cha majaribio, huzima leya ninayoitarajia, na kuangalia kama kimepotea. Kisipopotea, hakiko nilikodhani.

Skeli nayo inadai leya zake. Tarakimu ya kusomeka vizuri kwenye karatasi huwa na kimo cha kama milimita 2.5. Kwa skeli ya 1:100 hiyo ni milimita 250 kwenye mchoro, kwa 1:50 ni 125, na kwa 1:20, ambayo hufaa mchoro wa bafu au jiko, ni 50. Ukichukua vipimo vya ramani nzima ukavipeleka kwenye mchoro wa bafu, maandishi yataonekana makubwa kuliko sinki. Programu nyingine hubadilisha ukubwa zenyewe kulingana na skeli, na kama yako inaweza, iache ifanye. Kama haiwezi, vipimo vya bafu viwe na leya yao, usivikuze na kuvipunguza kila unapochapa.

Kwa ramani ya sakafu napenda minyororo mitatu ya vipimo, yaani mistari ya vipimo vilivyofuatana, nje ya nyumba: wa karibu na ukuta unaonyesha madirisha na milango, wa kati unaonyesha kuta za vyumba, wa nje kabisa ni jumla. Vyote vipimwe kwenye uso wa tofali, si wa plasta, maana mwashi anapojenga plasta haipo. Halafu angalia ukadiriaji. Vipande vinne vya milimita 1,204 vikikadiriwa kwa kumi vinaandikwa 1,200 kila kimoja, na mtu akivijumlisha anapata 4,800. Jumla yenyewe, 4,816, itaandikwa 4,820. Programu haijadanganya popote, lakini jaribu kumweleza hivyo mtu mwenye futi mkononi. Ni afadhali kuta zichorwe kwa namba nzima tangu mwanzo.

Na tafadhali, usiandike tarakimu kwa mkono juu ya kipimo ili kilingane na unachotaka. Kipimo kilichoshikamana na ukuta husogea ukuta unaposogea. Kilichoandikwa kwa mkono kinabaki na namba yake ya zamani, bila dalili yoyote kwamba kimepitwa. Kwa sababu hiyohiyo sipendi kipimo kimoja kirudiwe kwenye leya mbili. Ninaruhusu kimoja au viwili vya kuegemea, mfano umbali kutoka fremu ya mlango hadi swichi, ambavyo fundi umeme hawezi kuanza bila hivyo.

Kama faili tayari limevurugika, usilichore upya. Nakili faili kwanza. Tengeneza leya zote, kisha tumia uteuzi wa vitu vinavyofanana kuvikamata vipimo vyote vilivyopo na kuvipeleka VIPIMO-SAKAFU, kwa kuwa vingi vitakuwa vya huko. Kutoka hapo vitoe kimoja kimoja kwenda kwa wenyewe, ukianza na msingi, maana vyake viko vichache na vinajulikana kwa macho. Chapa kila mwonekano kwenye PDF yake, nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi za skrini huficha msongamano ambao karatasi itauonyesha. Mwishoni zitabaki tarakimu kadhaa ambazo huwezi kusema ni za nani. Zifute. Ikigundulika baadaye kwamba mojawapo ilihitajika, kuipima tena ni kubofya mara mbili.