Kabla hujamaunti imeji ya diski: kwa wewe unayeanza kazi hii

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii nilikabidhiwa imeji ya diski, yaani faili lenye nakala ya diski nzima, ya seva iliyozimika ghafla umeme ulipokatika. Pamoja nayo nilipewa namba ya sha256, ili yeyote atakayeishika baadaye aweze kuthibitisha kwamba haijaguswa. Nikaimaunti, yaani nikaiunganisha na folda ili mafaili yake yasomeke, kwa `-o ro` (kusoma tu), nikanakili mafaili yaliyotakiwa, nikaitoa. Jioni nikapiga `sha256sum` tena. Namba ikaja nyingine kabisa. Sikuwa nimeandika hata herufi moja, na bado imeji ilikuwa imebadilika. Usiku ule sikupata usingizi, maana nakala ilikuwa hiyo hiyo moja.

Kilichotokea ni hiki. Mfumo wa faili wa ext4 una daftari ambamo huandika mabadiliko kabla ya kuyapeleka mahali pake. Umeme ukikatika katikati, daftari hubaki na shughuli zisizokamilika. Siku utakapoimaunti diski hiyo, keneli ya Linux, kiini cha mfumo wenyewe, hulisoma daftari na kuzimalizia kwanza shughuli hizo, hata kama umeweka `ro`. Ile `ro` huwazuia watumiaji. Keneli yenyewe haijizuii. Tangu siku hiyo nafunga milango miwili, na kazi naifanyia kwenye nakala, si kwenye imeji niliyoletewa:

sudo losetup -r -P -f --show diski.raw
sudo mount -o ro,noload /dev/loop0p1 /mnt/kazi

Herufi `-r` hufanya diski nzima isiandikike, `-P` huzitoa patisheni zake (vipande vya diski) kama loop0p1, loop0p2 na kuendelea, na `noload` huiambia ext4 iliache daftari lilivyo. Ukisahau `noload` na daftari likawa na kiporo, keneli itakataa kumaunti. Usikasirike, kukataa huko kumekuokoa. Kwa XFS, mfumo mwingine wa faili, neno ni `norecovery`.

Utakutana pia na mafundi wanaohesabu mahali patisheni inapoanzia. `fdisk -l` ikikuonyesha kwamba inaanzia sekta ya 2048, na kila sekta ni baiti 512, unazidisha: 1048576. Namba hiyo ndiyo unayoiweka kwenye `offset=` unapomaunti. Fanya hivyo mara chache kwa mkono wako hata kama `-P` ipo, kwa sababu hapo ndipo utakapoelewa kwamba patisheni ni kipande tu cha faili refu, chenye mwanzo na mwisho.

Sasa kubadili muundo. Diski za kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa kama programu ndani ya nyingine, huja kama vmdk ya VMware, vdi ya VirtualBox na nyinginezo, nawe unataka raw, yaani baiti za diski zilivyo. Chombo changu ni `qemu-img`, na amri ya kwanza kwangu siku zote ni `info`, haijawahi kuwa `convert`:

qemu-img info seva.vmdk
qemu-img convert -p -f vmdk -O raw seva.vmdk diski.raw

Soma majibu ya `info` taratibu. Mwisho wa jina la faili unaweza kukudanganya. Mtu anaweza kuwa amelibadilisha jina tu. Ukiandika `-f raw` kwenye faili ambalo kweli ni vdi, programu haitalalamika. Itafanya kazi saa nzima, kisha utapata diski isiyo na patisheni hata moja. Na VHD ya Microsoft humu inaitwa `vpc`. Wengi hupoteza muda wakiandika `vhd` na kukataliwa.

Kwenye majibu hayo hayo tafuta mstari wa `backing file`. Ukiuona, ujue faili uliloletewa ni la juu tu, limebeba mabadiliko, na msingi wake uko kwenye faili jingine. Rudi kwa mwenye diski ukaliombe. Vmdk nazo zina lake: ukiletewa faili la kilobaiti moja au mbili, hayo ni maelezo tu, data yenyewe iko kwenye lile linaloishia na `-flat.vmdk`.

Kama kompyuta pepe bado inawaka, izime kwanza. QEMU, programu ya kuendesha kompyuta pepe, hulifunga faili linalotumika, na ipo `-U` ya kuruka kufuli hilo, lakini utakachonakili kitakuwa diski iliyokuwa inabadilika huku unaisoma.

Nafasi nayo huwashtua wageni. `ls -lh` inaweza kuonyesha gigabaiti 500 huku `du -h` ikionyesha 40, kwa sababu sehemu tupu hazijaandikwa. Ukilipeleka faili hilo kwenye diski ya nje yenye mfumo wa faili wa exFAT, matundu yote yatajazwa sifuri, na zile 500 utazihitaji kweli. FAT32 haipokei hata faili moja linalofika gigabaiti 4.

Mara nyingi huhitaji hata kubadili muundo. Kama unatafuta mafaili machache tu, iunganishe imeji ilivyo, ionekane kama diski ya /dev/nbd0:

sudo modprobe nbd max_part=8
sudo qemu-nbd -r -f vmdk -c /dev/nbd0 seva.vmdk

Kisha maunti /dev/nbd0p1 kwa `ro,noload` kama mwanzo. Ukimaliza, toka kwanza kwenye folda ya /mnt/kazi, la sivyo `umount` itakuambia bado inatumika. Fuatisha `qemu-nbd -d /dev/nbd0`, au `losetup -d` kama ulipita njia ile ya kwanza. Halafu piga `sha256sum` kwenye imeji uliyoletewa, linganisha na namba uliyopewa, na uiandike pamoja na tarehe kwenye karatasi ya kazi kabla diski haijarudi kwa mwenyewe.