Telefone imekatazwa ku kazi, na alarme yako ya sukari iko mu telefone

Juzi mudogo mumoja wa Kolwezi ameniandikia: kampuni yake imetoa amri, telefone zote zinabakia ku mulango, na yeye iko na diabeti, kapteri (kale kaaparei ka kupima sukari) iko ku mukono, alarme inalia mu telefone. Ananiuliza, "Yaya, niifiche mu boti?" Hapana mudogo. Siku batakukamata nayo habatauliza sukari yako iko ngapi, batasema ulikuwa unapiga foto za katodi, yale mabamba ya shaba.

Mimi minatumika mu izini ya shaba hapa Lubumbashi, upande wa elektrolizi, na minajua vile banaangaliaka mutu. Amri yenyewe siipingi. Shaba inaibiwa, na kwenye banapasula mawe na baruti mawimbi ya telefone yanaweza kugusa detonateri za umeme. Lakini shefu wangu wa zamani, siku alisikia kitu inalia mu mufuko yangu, aliniita mbele ya ekipi yote akanitosesha kila kitu kama mwizi wa soko, nami sukari yangu iko 58, jasho inanimwangikia, mikono inatetemeka, yeye anacheka: "Muone vile anaogopa." Nilikaa chini nikala sukari yangu pale pale. Ile kicheko haijanitoka mpaka leo, nisidanganye.

Sasa mwezi uliopita bakubwa bamesaini barua yangu ya ruhusa ya kubeba alarme, kopi iko ku gardi ya mulango, na ule shefu anaipitaka kila asubui. Niliifurahia sana hiyo, munisamehe.

Njo nakuambia: usiombe telefone, omba alarme. Ukitaja telefone tu, mazungumuzo imeisha. Kapteri kama FreeStyle Libre 2 iko na lekteri yake, kaaparei kadogo, hakana SIM, hakana kamera, hakapigi mutu simu. Inasikia kapteri na Bluetooth kama metre 6, sukari ikishuka chini ya 70 (mg/dL) inalia, ama inatetemeka tu mu mufuko, na mu kelele ya izini kutetemeka njo kunasaidia. Nilimuwekea shefu ya sekirite ile lekteri ku meza, nikamuambia, papa, nionyeshe kamera iko wapi. Aliigeuza, akaigeuza tena, akakosa. (Kule Ufaransa tangu 2017 asiransi ya serikali inalipia hizi vitu, sisi tunangojea valizi ya mujomba.)

Kisha karatasi. Usiende ku shefu, enda kwa munganga wa kampuni, Kodi ya Kazi ya 2002, ile sheria ya kazi ya Kongo, inamulazimisha patro atunze afya ya batumishi. Munganga aandike aparei ni gani, haipigi foto, inabebwa wapi, na ukipata alarme unaacha mashini, unakula gramu 15 za sukari, unangoja dakika 15, unapima tena. Hiyo mustari ya mwisho njo iliwashinda, juu iliwaonyesha ni usalama yao pia. Mutu anaanguka karibu na asidi, nani atajibu? Na kama unafika kwenye baruti uliza kwanza, Bluetooth nayo ni mawimbi.

Bijana, muache kusikia haya! Bengi munaficha ugonjwa kama vile muliiba. Ongea mapema, ukiwa muzima, usingoje siku umeanguka njo waanze kuuliza.

Na usitupe mashini ya kutoboa kidole. Kapteri inasoma maji ya chini ya ngozi, haisomi damu, kwa hiyo sukari ikishuka mbio inachelewa dakika kidogo. Mwili ukisema ingine, toboa.

Mudogo, ile kapteri iko ku mukono sasa uliianzisha na telefone, lekteri haitaishika tena, ingoje imalize siku zake 14. Kapteri itakayofuata, anzisha na lekteri kwanza, telefone ifuate mbele ya saa la kwanza la kapteri kuisha. Mpaka siku hiyo toboa kidole kila mapumziko, na barua ya munganga uanze kuitafuta kesho.